Kama Maji ya Nuhu ni Mfano

Ruziba, Bujumbura

Kwako baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote hapo nyumbani Tabora. Kifua kinaendeleaje? Mdogo wangu Rehema aliniambia bado unasomesha watoto Kurani kila asubuhi ingawa unakohoa. Mimi mwili ni mzima, cherehani inafanya kazi. Moyo ndio mgonjwa, na sababu yake nashindwa kumweleza mtu mwingine.

Mwaka huu ziwa limepanda tena. Maji yaliingia mpaka uani kwetu, tukawa tunapita juu ya matofali. Jirani zangu ni Melkioni, mkulima wa mpunga, na mkewe Konsolata. Ni Wakristo, na tangu nilipohamia hapa wamenifanya ndugu yao. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Kezia, wa miaka minne. Baba, Kezia alitumbukia kwenye mfereji nyuma ya nyumba mama yake akiwa anaanika nguo. Tulimtoa, lakini tulikuwa tumechelewa.

Gauni la kumzikia nililishona mimi. Sikuhitaji kwenda kumpima. Vipimo nilikuwa navyo, nilikuwa nimemshonea nguo ya Pasaka.

Makaburini mhubiri mmoja mgeni alisimama akasema maji haya ni mkono wa Mungu, kama siku za Nuhu, alipowafuta waovu. Nilimwona Konsolata akiinama kama mtu aliyepigwa.

Siku ya tatu alikuja akaketi mlangoni pangu.

"Yusufu, na nyinyi muna iyo habari ya Nuhu mu kitabu yenu?"

"Tunayo, dada."

"Mu yale maji, watoto wadogo walikuwa mo?"

Nilikumbuka ulivyotufundisha, kwamba safina ilikuwa mbao na misumari, na maji yalikuwa maji. Sijawahi kulitilia shaka jambo hilo. Lakini mbele yangu alikuwa mama anayeuliza kama mwanawe amehesabiwa pamoja na waovu. Nikamwambia, "Dada, ile ni mfano. Mungu anatufundisha tu. Usiichukue neno kwa neno."

Alilia sana, kisha akaomba chai. Ilikuwa mara ya kwanza kutia kitu kinywani tangu msiba. Nikajiona nimefanya jema.

Kesho yake Melkioni akaja, hakuketi.

"We ulimwambia bibi yangu maji ya Nuhu ni mfano?"

"Nilimwambia."

"Basi na mbingu ni mfano? Usiku mi napata usingizi juu ya kujua Kezia iko kule kwa Mungu, anacheza. Kama iyo nayo ni ya kufundisha tu, mutoto wangu iko wapi?"

 Dawa niliyompa mke ilikuwa sumu kwa mume. Aliondoka, na kwa majuma mawili hakuitikia salamu yangu.

Jumatatu iliyopita walihama kwenda kwa wazazi wa Konsolata, huko milimani. Nilisaidia kupakia vyombo. Gari lilipokuwa tayari Melkioni alinivuta pembeni.

"Mi sikukasirikii. We ni mutu wa dini, ulisoma. Nataka neno moja tu. Kezia iko, ao apana?"

"Yuko," nikasema.

"Kweli? Si mfano?"

"Yuko kweli, Melkioni."

Alinishika mkono kwa nguvu, akapanda gari.

Sasa chumba chao kiko wazi na maji yameanza kupungua. Usinitumie aya za kunikemea, zote nazikumbuka. Nataka kujua jambo moja. Nimewapa watu wawili maneno mawili yasiyokaa pamoja, na yote mawili niliyasema kwa huruma. Lipi lilikuwa imani yangu? Nalitafuta kila nikisujudu, silioni.

Mwambie mama asilie akisomewa barua hii. Msalimie shangazi Mwanaidi, aliyenilea ulipokuwa safarini, na Rehema na mumewe. Wanafunzi wako pia. Ukifika nao kwenye habari ya Nuhu, mmoja akikuuliza kuhusu watoto, nakuomba baba, usimnyamazishe.

Mwanao anayekuhitaji,
Yusufu