Shikamoo ya Mama

Mdogo wangu Namsifu,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii inayopasua midomo. Mimi ni mzima. Kabla hujasoma zaidi, mpe Mama shikamoo yangu.

Barua yako nimeipata Jumanne. Nimefurahi kusikia sabuni na sukari zimejaa madukani Same, ingawa mnaziangalia kwa macho tu, na hospitali dawa mnaambiwa mkanunue wenyewe. Lakini pale ulipoandika kwamba Mama aliamka akakuambia, "Shikamoo, mama," ukamkaripia, akalia, nilishindwa kuendelea. Nilijifungia chooni hapa maabara nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Baba mdogo anasema Mama amerogwa. Mwambie hapana. Unajua ninachosomea huku? Tunatengeneza viputo vya mafuta vidogo mno, mfano wa utando unaozunguka kila seli ya ubongo, na ndani yake tunatia rangi. Kisha tunaweka protini iitwayo amiloidi, ambayo hata mimi na wewe tunayo. Ikiwa mojamoja haina neno. Ikishikamana, kama nadhani ilivyo kichwani mwa Mama, huwa vibonge vinavyonata kwenye utando, rangi ikaanza kuvuja. Ni kama ndiva yetu, lile bwawa la kumwagilia mashamba: fuko akitoboa ukingo, asubuhi unakuta maji yameisha, na hakuna jirani aliyeyaiba. Walimu wangu bado wanabishana inatoboaje. Nilimuuliza mkubwa wao kama kuna dawa, akasema, "Bado." Nilimnunia siku nzima, maskini, naye hana kosa.

Miaka miwili nimekuwa nikiona rangi inavuja nafurahi kuwa jaribio limefaulu. Tangu barua yako sifurahi tena.

Unasema unaogopa kuitikia shikamoo ya mzazi, ni laana. Hata mimi ningeogopa. Lakini umeandika mwenyewe kwamba anakuita kwa jina la bibi. Basi anamwamkia mama yake, Namsifu, na mama yake ananyamaza. Majina yetu yamemtoka, heshima hajaiacha. Kesho akikuamkia, mwambie, "Marahaba, mwanangu," kisha umpe uji wake.

Nisalimie Baba mdogo, asininunie, na shangazi anayekusaidia kumwogesha Mama. Mwambie sijui nitamshukuruje.

Na ile shikamoo yangu, niandikie Mama ameiitikia akidhani mimi ni nani. Nikija nitakuwa huyo.

Kaka yako akupendaye,
Eliamani