Chemchemi Iliyokuwa Kwa Mashini

Jumatatu, 6 Agosti 1979
Mimi Nderitu, nimepita miaka sabini. Nimezika wazungu wawili walioniajiri Dundori, nimezika bibi, na bado nashuka Nakuru kwa miguu. Leo nimeona kitu ambacho hao hawakuona.

Kampuni yetu ya mashamba imeleta kompyuta. Pushpa, binti wa Kihindi anayeiendesha, akaandika jina langu. Sahani za chuma zikanguruma humo ndani kama posho mill ikisaga mahindi. Ngoja, ngoja — halafu: Nderitu, shamba la barabarani. Nikasema rudia. Sasa hata jicho sikupepesa, jibu hili hapa! Pushpa akasema sahani ndizo daftari lake, lakini ni za polepole, kwa hivyo kitu kikishaulizwa mashini inakiweka karibu, kama chumvi kando ya jiko. Nikamwambia arudie tena na tena. Watu wa laini wakanung'unika. Wanung'unike.

Jumatano, 8
Nimebadilishana shamba na Kiptanui, mwenzangu wa kampuni. Ana lori ya maziwa, anataka barabara. Mimi nataka lake lenye chemchemi, ng'ombe wangu wamechoka kushuka mtoni. Tumepeana mkono tu. Kampuni imesema Ijumaa ndiyo mwisho — shamba lako ni lile mashini itasoma.

Alhamisi, 9
Pushpa ameandika mabadilishano yetu. Sahani kimya, na mashini imesema tayari. Ajabu. Ikasoma: Nderitu, chemchemi. Kiptanui akainama begani kwangu, akasoma pia. Pushpa akasema bado, mzee, iko kwa kumbukumbu ya karibu, inayoshikwa na stima tu, ngoja niishushe kwa sahani. Mashini inapokea kwanza, inaandika baadaye, ndiyo mbio yake. Nikakataa. Kwanza isomee hawa wote wa laini, wajue mimi ni nani. Ikasoma. Ikasoma tena. Kosgei, askari wa mlangoni, akaitwa aone.

Stima ikapotea.

Ijumaa, 10
Stima imerudi. Sahani zimenguruma, nimengoja. Nderitu, barabarani.

Kitu nilichosoma kwa macho yangu, hakuna. Hata majivu. Sijui niogope ama nivue kofia.

Pushpa yuko tayari kuandika upya. Lakini mwenyekiti wa kampuni anataka kwanza neno la Kiptanui kwamba tulibadilishana, na Kiptanui ameambiwa jana na bibi yake kwamba ni mjinga, maji hayabadilishwi kwa lami. Ameniambia, mzee, mashini imesema.

Ofisi inafungwa saa sita. Naandika nikiwa kwa benchi. Pushpa aliona. Kosgei aliona. Na Kiptanui aliona, pumzi yake ilikuwa shingoni mwangu. Ameketi hapa kando, anakunja kofia yake, mwenyekiti amemuuliza mara ya pili kama tulibadilishana.