Uji Uliokataa Kuchacha

Jumatatu, 3 Machi
Wimbi la uji limesagwa. Chupa zimeoshwa. Mwenye duka wa Nyeri mjini analalamika kwamba uji wangu unazidi kuchacha kabla hajamaliza kuuuza. "Mama, ikikaa wiki mbili kwa rafu, nitachukua yote unaleta." Nimenunua dawa ya kuhifadhi chakula aliyonitajia. Naiogopa kidogo. Lakini soda zinatiwa vitu kama hivyo na tunazinywa.

Jumanne, 4 Machi
Nimekoroga unga na maji kwenye ndoo, nikamimina uji wote mchachu wa kibuyuni ili uuchachushe ule mpya. Huo wa kibuyuni ndio mbegu niliyoachiwa na marehemu mama. Haijawahi kukatika. Kisha dawa. Kijiko kimoja, halafu kingine, kwa kukadiria kama chumvi. Nikarudisha kikombe kimoja cha mchanganyiko huo kibuyuni kiwe mbegu, kama kawaida.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna povu. Hakuna harufu. Kibuyuni vilevile. Nimeua uji wa mama. Nimelia jikoni mpaka mahindi yakaungua.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemuuliza afisa wa afya. Anasema dawa yenyewe si sumu, mradi ipimwe kwa mizani na isipite kiwango kinachoruhusiwa. Mimi nilizidisha, tena niliitia kabla uji haujachacha. Kazi yake ni kuzuia vijidudu. Imezuia na vyangu. Akasema nimwage, nisimpe mtu.
Ndoo nimeimwaga. Kibuyu nimeshindwa kukimwaga.

Jumamosi, 8 Machi
Mdogo wangu Wanjira, wa Naro Moru, alibeba chupa ya mbegu ile tulipomzika mama. Nilimcheka. Nilisema ataiharibu kabla mwezi haujaisha. Leo nimezunguka na simu asubuhi nzima, aibu imenijaa. Mwishowe nikapiga.
"Ati umeua uji ya mama?" Alicheka mpaka nikataka kukata simu. "Kuja basi. Niko nayo."

Jumatatu, 10 Machi
Jana nilienda kwa Wanjira, nikarudi na mbegu. Ladha ni ileile. Kibuyu nimekimwaga, nimekiosha kwa maji moto, nimeanza upya. Nimemwambia mwenye duka auweke kwenye friji na auuze kwa siku chache, mpaka nijifunze kupima dawa. Amenung'unika, kisha akaagiza kidogo. Kidogo kinanitosha.

Jumatano, 12 Machi
Povu. Harufu imejaa jikoni.
Jirani yangu Nyambura amejifungua. Nimempelekea uji, na chupa ndogo ya mbegu aiweke. Sasa uji wa mama uko katika nyumba tatu.