Rangi ya Kiwandani

Shoga, nimekwama. Nimejifungia chumba cha kupulizia rangi. Usinipigie, soma tu.

Unaikumbuka ile pampu ya pawa stelingi ya gari la zamani, ya yule mjane? Aliniambia mara tatu, "Mwanangu, isafishe tu. Rangi ya kiwandani usiiguse." Mimi nikaisahau kwenye dawa ya kutoa rangi. Nilipokumbuka, nikaikuta chuma kitupu.

Nikaipaka upya, nikafunga mdomo. Siku nne nachanganya nyeusi mpaka ikafanana.

Leo kaja kuichukua. Mjomba, mwenye gereji, kwa kujisifu akamwambia, "Huyu rangi hajaigusa hata kidogo." Akanigeukia, "Si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Shoga, nilisema ndiyo, tena kwa mdomo mpana.

Yule mama akaigeuza, akapitisha kidole chini ya lile bamba la kufungia. Akasema taratibu, "Hapa chini kiwandani hawakupaka. Nimemshikia marehemu tochi miaka thelathini, napajua."

Mjomba ananitazama, mama ananitazama, mlango uko nyuma yao. Nikakiri yote, machozi yananitoka.

Unajua alinijibu nini? "Rangi ya kiwandani niliona imepotea tangu nilipoishika. Nilikuwa nasubiri useme."

Nikajua anaondoka. Kumbe garini ana boksi la stelingi, lile la gia za usukani, nalo lina rangi yake ileile ya kiwandani. Amenikabidhi mimi, mjomba kamruka.

Na kesho asubuhi anakuja na kiti chake. Atakaa mbele yangu mpaka nimalize.