Nilivyolihamisha Kaburi la Baba

Jumatano, katikati ya Shaabani. Joto tangu alfajiri, na mawingu yamekaa juu ya mji, hayanyeshi wala hayaondoki. Sijazungumza na mtu ana kwa ana tangu nilipoitikia salamu ya muuza maziwa.

Nina jambo la kukiri, na ni bora niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Juzi nilisoma Yasini, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti, nikiwa na yakini kwamba nimesimama mbele ya kaburi la baba yangu. Nilikuwa nimesimama jikoni kwa Binti Sefu.

Sisi ni watu wa kijiji kilichokuwa kati ya Mkange na Saadani. Nilikuwa na miaka kumi na saba tulipoambiwa tuhame. Nyumba zikaporomoka zenyewe, pori likaingia. Maisha yaliyobaki nimeyamalizia hapa Bagamoyo mjini, nikifundisha jiografia, na watu wa hapa ni wema kwangu, ila mpaka leo wakinitaja husema "yule mwalimu wa kuja." Tuliobaki tunaokikumbuka kijiji kwa macho yetu ni wawili tu: mimi, na dada yangu Mwanahawa, anayeishi Mkange na aliyenizidi miaka sita.

Mke wangu alipofariki, binti yetu Zuhura, ambaye kazi yake iko Mwanza, aliniletea kishikwambi na kuniwekea mchezo wa kujenga. Humo kila kitu ni vipande vya mraba. Unachimba, unakusanya mawe na magogo, unajenga unachotaka. Alidhani utanichangamsha. Aliponionyesha namna ya kuweka jiwe la kwanza, nilishajua nitakachojenga.

Nilijenga kwetu.

Nilianza na msikiti, kisha kisima, kisha nyumba moja moja kwa majina ya wenyewe, kila siku baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi. Umeshapita zaidi ya mwaka. Nilimtumia Zuhura picha, yeye ambaye hajawahi kukanyaga kule, akanijibu: "Baba, sasa napajua." Nililisoma jibu lile mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Tatizo lilikuwa upande wa magharibi. Makaburi yetu yalikuwa magharibi ya msikiti, njiani kuelekea kisimani. Kwenye kioo cha kishikwambi, pale pale palikuwa na ziwa dogo, na sikujua namna ya kulifukia. Basi nikayapanga makaburi upande wa mashariki. Nilijiambia ni mchezo tu.

Mimi niliyehamishwa, nikawahamisha wafu.

Baadaye vitu vikaanza kubadilika machoni pangu. Nikipita mtaa wa zamani niliona kuta za mawe ya matumbawe zikigawanyika miraba, na kidole cha shahada kikawa kinajikunja chenyewe, kinataka kugonga. Nikiuona mwarobaini nilihesabu utatoa magogo mangapi. Siku moja nilimtazama mbuzi wa jirani akiikaribia kona ya nyumba, nikangoja ageuke kwa pembe ya nyuzi tisini. Aligeuka kama mbuzi. Nilicheka, kisha nikatafuta wa kumsimulia, nikakumbuka kwamba hayupo.

Nikasoma, kama ilivyo desturi yangu jambo likinishangaza. Wapo wanasaikolojia wanaolichunguza hili. Kuna wachezaji wanaoendelea kuviona vipande vya mchezo wakifumba macho, wanaosikia sauti zake kifaa kikiwa kimezimwa, wanaonyoosha mkono kufanya jambo linalowezekana kwenye kioo pekee. Mara nyingi hupita upesi, na si wazimu. Akili huendelea kwa muda na kazi iliyoizoea. Nilifarijika, nikarudi kucheza. Lakini yote niliyoyasoma yalihusu macho, masikio na vidole. Sikukuta palipoandikwa habari za mtu anayechezea kumbukumbu zake mwenyewe.

Juzi, basi, tulikwenda kuzuru makaburi kabla Ramadhani haijaingia. Hatukuwa tumefika kule kwa miaka mingi, kwa sababu ya njia na kwa sababu ya magoti yetu. Bodaboda zilitufikisha mwisho wa njia, tukaingia kwa miguu. Dada anatembea polepole, akanituma nitangulie. Msingi wa msikiti bado upo. Nikasimama palipokuwa mlango, nikahesabu hatua kumi na mbili kuelekea mashariki bila hata kufikiri, nikaona mawe mawili yamechomoza kwenye majani. Yalikaribiana mno kwa kaburi la mtu mzima. Nikajiambia ardhi imesogea.

Nililia kidogo. Nikasoma. Sijapata kuwa na hakika namna ile tangu niwe mzee.

Nilikuwa namalizia dua dada aliponifikia.

"Unamsomea nani?"

"Baba."

Alifunua majani kwa fimbo yake, likatokea jiwe la tatu. Yote matatu yalikuwa meusi upande wa ndani.

"Mdogo wangu, haya ni mafiga. Hapa jikoni kwa Binti Sefu. Hapa ulikuwa unakuja kumwibia muhogo wa kuchoma." Akayatazama tena. "Haya, walau vyungu vyake vimepata dua."

Nikabisha. Nasikitika kuandika kwamba nilibisha. Nilimwambia makaburi yalikuwa mashariki, na kwamba nimefundisha jiografia miaka thelathini.

"Wewe ulifundisha," akasema. "Mimi nilikuwa nateka maji. Kila asubuhi nampita baba nikienda kisimani, nampita nikirudi. Twende."

Akanishika mkono kama mtoto, akanivusha upande wa pili. Palikuwa na shimo lililojaa majani, ndicho kisima, na mbele yake vichaka. Kila kitu pale kilikuwa kigeni kwangu. Nilijua dada yuko sahihi, na bado niliona amekosea. Akapiga magoti kwa shida, akapapasa chini, akanipa kipande cha sahani chenye ukingo wa buluu na nusu ya tundu katikati.

Sahani ile naijua. Mama aliiweka kichwani pa kaburi, na kabla ya kuiweka aliitoboa kwa msumari ili asitokee wa kuitamani. Mimi ndiye niliyemshikia.

Nikasoma Yasini mara ya pili. Sauti ilitoka, machozi hayakuja. Machozi niliyamaliza jikoni.

Tuliporudi njiani dada alicheka mara mbili peke yake, kisha akaacha, akaniuliza kama nimekasirika. Nilimwambia hapana. Sikumweleza habari za mchezo. Ningemwelezaje? Kwamba nilikaa mwaka mzima nikipasahau nyumbani kwetu, alasiri baada ya alasiri, nikidhani napakumbuka?

Jana sikukigusa kishikwambi. Leo nimekiwasha. Kijiji kipo vile vile, kizuri, kisafi, na makaburi yamepangwa upande wa mashariki kama madawati. Nilitaka kukifuta. Kisha nikamfikiria Zuhura na lile neno lake, "sasa napajua." Nikikifuta, atabaki na kile kile alichokiona. Kwa hiyo, Zuhura, ukisoma hapa: msikiti ni wa kweli, kisima ni cha kweli. Babu yako hayuko pale nilipokuonyesha. Nyumba nyingine sina hakika nazo, na hilo ndilo linaloniogopesha, kwa sababu kwa ndani zote naziona sawasawa.

Saa kumi, saa yangu ya kucheza, nikampigia dada simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umepotea tena?"

Nikamwomba anitembeze kijijini, nyumba kwa nyumba, kuanzia mlango wa msikiti. Akauliza kama nina homa. Nikamwambia nina karatasi na penseli. Akasema niandike polepole, asije akarudia rudia kwa sababu ya mwalimu. Tulikwenda nyumba nne tu kabla hajachoka. Mbili kati ya hizo nilizijenga mahali pengine kabisa, na kila mara nilijiuma ulimi nisimsahihishe.

Ana miaka themanini kasoro. Zimebaki nyumba ishirini na tatu. Kesho saa kumi nitampigia tena.

Karatasi iko mbele yangu. Nikifumba macho, baba bado amelala mashariki, chini ya mawe yaliyonyooka. Nimeandika magharibi.