Bibi Aliyeitika Marahaba

Kwa Chiriku, ghorofa ya nne,
Jumapili, mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mlangoni ukiota jua. Macho yanasemaje? Ile dawa ya matone bado inakuwasha? Na lile goti lako lenye wivu, linaloanza kuuma kila likisikia kuna safari, limetulia? Mimi ni mzima, ila nimepungua kidogo kwa kupanda ngazi. Mwanao Chiriku naye ni mzima. Nimeanza na hilo ili moyo wako utulie kabla ya mengine.

Kaka, wewe unayemsomea: soma neno kwa neno. Najua tabia yako ya kuruka ukifika penye uchungu na kusema, "Basi, anawasalimu wote." Safari hii ukiruka nitajua.

Shangazi, uliniagiza nikupe ukweli wa mji huu, si porojo za wale wanaorudi wananukia manukato. Haya. Mji ni msafi, sina la kuficha. Ukitaka kuvuka barabara, magari yanasimama. Siku ya pili nilivuka, nikarudi, nikavuka tena, kwa raha zangu tu, mpaka dereva mmoja akanikunjia uso. Lakini watu wanaopanda ngazi moja hawajuani. Asubuhi ya kwanza nilimsalimu kila niliyepishana naye, na mzee mmoja akapapasa mfuko wake kuona kama pochi bado ipo. Nikatupa taka kwenye pipa lisilo lake. Jirani akanipandishia mfuko wangu hadi mlangoni, akautua, akashuka bila neno. Afadhali hata angenitukana.

Mimi mtu mzima, mwenye cherehani zangu na wanafunzi wanaoniogopa, huku sijiwezi. Taa ya ngazini inajizima yenyewe hujafika juu. Mara ya kwanza nilikaa pale pale gizani, nikamwita Chiriku kama mtoto aliyepotea sokoni. Akaja, akabonyeza kitu ukutani, tukaendelea kupanda.

Sasa nije kwa mwanao. Yule aliyekuwa akiongea mpaka unamtuma dukani ili upumzishe masikio, nyumbani kwake haongei. Akirudi kazini anavua viatu, anakula, ananiuliza habari zenu, nami nikieleza anaitikia "aha", "aha". Mimi ndiye mliyenipa jina la Kimya, Shangazi. Fikiria nyumba ambayo msemaji wake ni mimi! Nikajisemea, kweli wakati wa kumrudisha umefika, nikawa nangoja nafasi ya kumpa ujumbe wako.

Alhamisi akanipeleka kazini kwake. Anamhudumia bibi mmoja mjane, mwenyeji wa nchi hii, aliyepata kiharusi, upande wake mmoja umekufa. Watoto wake bibi hupita mara moja moja, wanasimama na makoti yao mwilini, wanaondoka. Chiriku ndiye anayemwogesha, anayemchana nywele, anayemlisha. Tulipoingia tu, Chiriku wetu wa zamani akarudi! Mdomo haukufungwa tena, na kwa Kiswahili kitupu. Huku anamfunga vifungo vya gauni, anamhadithia habari za yule mwashi aliyekujengea ukuta uliopinda ukamfukuza na mwiko wake mkononi. Bibi anamtazama mdomoni tu. Nikasogea nikamwamkia shikamoo, kwa mazoea, maana mvi ni mvi. Bibi akafungua upande wa mdomo unaofanya kazi, akaitika:

"Marahaba."

Nilishtuka. Chiriku akacheka. "Hilo nimemfundisha kwa mchezo. Kwa watoto wake hata neno moja hasemi." Nikaona basi, ni kasuku tu. Hapo ndipo nilipokosea.

Mchana bibi alikuwa kitini karibu na dirisha, Chiriku anamlisha supu. Nikaona tuko peke yetu, maana lugha ni yetu sisi wawili. Nikautoa ujumbe wako kama ulivyonipa: "Mama anasema urudi nyumbani. Macho yanakwenda. Anataka auone uso wako kabla hayajafunga kabisa, na chumba chako hajampangisha mtu."

Kijiko kikabaki hewani. Kabla Chiriku hajanijibu, bibi alimshika mkono wa sweta kwa ule mkono wake mmoja, akaung'ang'ania, na machozi yanamtoka.

"Usiende," akasema. "Usiende."

Kumbe siku zote hizo Chiriku akiongea, mwenzetu anajifunza. Tulidhani tumefunga mlango, naye tumemfungia humo humo ndani. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Baadaye tukiwa jikoni Chiriku akaniuliza, "Nimwache huyu au nimwache mama? Wewe niambie tu, nitafanya." Shangazi, nilitaka kukasirika kwa niaba yako. Mama ni mmoja, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini mkono ule nilikuwa nimeuona, na matone yako ya macho yanatoka kwenye kazi hiyo hiyo. Nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Hakusema anarudi. Hakusema harudi. Alilia mpaka kope zikavimba, na kesho yake akaenda kazini. Nami sikuthubutu kumuuliza tena. Ulinituma nimlete mwanao, naja mikono mitupu, na nimemliza bibi wa watu. Wanasema mjumbe hauawi. Sawa, lakini hawakusema kwamba haumii. Nisamehe.

Jana nilikwenda kuaga. Nikamwamkia bibi, akaitika. Kisha akaniita kwa kidole, akahangaika na maneno mpaka jasho likamtoka.

"Mama," akasema. "Macho. Hajambo?"

Anakujua, Shangazi. Habari zako ndizo alizojifunzia kusema. Nikamjibu, "Hajambo," maana ndivyo tunavyojibu hata mgonjwa akiwa hoi kitandani. Akatikisa kichwa. Hakuniamini.

Nisalimie wifi yangu na wanawe, na jirani yako muuza mkaa, mwambie kitenge chake sijakisahau. Bibi naye anakusalimu. Chiriku anasema ataandika mwenyewe. Ameanza mara nyingi na kuchana karatasi. Chumba chake endelea kutompangisha mtu. Nikifika nitahamia mimi na cherehani yangu moja, nikutilie matone, nikusomee barua zake nisiruke kitu. Unajua mimi si wa maneno, lakini nitajikaza nikuchoshe masikio.

Mungu akulinde, akuachie japo mwanga kidogo, ili siku mlango ukifunguliwa uone mwenyewe ni nani ameingia.

Wako akupendaye, mtoto wa kaka yako,

Kimya