Ubeti wa Tatu wa Isidori

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mkusanyiko umetoka. Clementi kaniletea flashi hapa cherehani, kaibandika karatasi: MAKIWA – ZILIZO BORA. Nyimbo za bendi ya kaka yangu Isidori, zile walizozipenda watu. Clementi alipigaga gitaa, Isidori akaimba, mimi nikawashonea yale makoti meusi marefu ambayo mtaa mzima wa Kitaji uliyachekaga. Jua la Musoma lile, na koti! Majirani wakaniuliza nani kafa. Nikawaambia hakuna aliyekufa, ni muziki, gothic rock. Wakaniangalia tu.

Sasa Isidori kafa. Au ndivyo tunavyosema. Shimo la dhahabu la Buhemba, alikokwenda kuchimba, liliporomoka masika ya mwaka jana, wakatolewa waliotolewa, yeye hakuonekana. Udongo ulikuwa bado unashuka, wakaacha kumtafuta. Begi lake nalo halikuonekana kambini. Hilo begi ndilo linalomshikilia Mama. Anasema maiti haibebi begi, aliyebeba begi kasafiri.

Jumamosi ya wiki ijayo tunazika mgomba kule nyumbani Butiama. Ndivyo wazee wanavyofanya mtu akikosekana – mgomba unakatwa, unavalishwa nguo yake, unalazwa kaburini badala ya mwili. Msiba unafungwa. Baba mdogo Abednego anasimamia. Mama kakubali juzi, baada ya kukataa mwaka mzima, na mimi nikashukuru. Posa yangu imekaa tu, ng'ombe hawaingii kwenye mji wenye msiba ulioachwa wazi. Ndiyo, nilishukuru. Hapa sina wa kumdanganya.

Jumatano, 11 Juni

Redio ya hapa mjini imepiga Makiwa saa nzima, wasikilizaji watoe maoni. Maoni! Mmoja, tena shangazi yetu mwenyewe, kasema hizi ni nyimbo za kuita mapepo, mtangazaji aombewe haraka. Mwalimu wa Nyegina kasema kinanda kile ni cha kanisani kabisa, sasa mbona kinalia hivyo na misa hakuna. Shabiki wa zamani kalalamika sauti imesafishwa mno – zamani ulikuwa unasikia mpaka mvua kwenye bati la studio. Huyo nimempenda. Mwingine kakasirika kwamba "Kunguru wa Mwigobero" haumo. Kweli haumo. Nilimwambia Clementi, hasikii.

Wimbo waliougombania ni "Nyumba Bila Mlango". Mmoja kaandika: jibu ni yai, acheni kulia. Nimecheka peke yangu mpaka uzi ukakatika. Mama mmoja kasema ulimkuta shambani anachuma pamba, akakaa chini na kapu lake, hajui kwa nini.

Halafu ujumbe wa mwisho. Makoye wa Bunda kasema mkusanyiko ni mzuri ila tumeibiwa. "Nyumba Bila Mlango" umekatwa ubeti wa tatu, na huo ndio wenyewe.

Hakuna ubeti wa tatu. Isidori alishindwaga kuumaliza. Ndiyo maana mwishoni gitaa linabaki peke yake mpaka linazimika.

Alhamisi, 12 Juni

Mama alikuwa anasikiliza. Nilijua! Kapiga simu sijafungua hata mlango. Yeye ndiye alikuwaga anamtania Isidori amalizie nyumba yake, mvua itamnyeshea. Anajua vizuri ule wimbo ulivyokwama.

"Jeska, kama kaumaliza, kaumaliza akiwa wapi?"

Kasema mgomba usikatwe. Hamziki mtu anayetunga nyimbo.

Baadaye kapiga baba mdogo, moto kabisa. Ukoo umeshaitwa, wa Tarime wameshajiandaa, leo mazishi yanavunjwa na meseji ya redio? Kasema niongee na mama yangu. Kana kwamba mama yangu anaongelekaga.

Jumapili, 15 Juni

Clementi anadhani ni shabiki tu, katunga mwenyewe. Sasa kwenye ukurasa wa bendi kila mtu anaukumbuka ubeti wa tatu. Mmoja eti aliusikia kwenye onyesho la Bunda! Waongo. Onyesho la Bunda umeme ulikatika wimbo wa pili, nilikuwepo, nimeshika makoti.

Mtangazaji kanipa namba ya Makoye. Haipatikani. Mama kaficha majembe ya wachimba kaburi chini ya kitanda chake. Kabeba hata sururu, na ule mgongo wake. Nimechoka. Namtaka kaka yangu hai, namtaka pia azikwe niolewe. Vyote viwili viko ndani yangu.

Jumanne, 17 Juni

Nimeenda Bunda mwenyewe. Nimempata kwa kuulizia, kwenye ghala la pamba, anabeba magunia. Kijana wa rika la Isidori, ana kovu kuanzia sikio mpaka shingoni. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya maoni yake ya redioni. Akacheka, akafuta mkono ili anisalimie. Kasema kweli dada, mmetukosea, huwezi ukakata ubeti kama ule.

Nikamuuliza aliusikia wapi. Buhemba, kasema. Chini.

Nikakaa kwenye gunia.

Wachimbaji hawaitanagi majina. Kulikuwa na mmoja wanamwita Padri, kwa sababu alikujaga kambini na koti jeusi. Siku ile udongo ulishuka katikati yao. Makoye upande huu, Padri upande wa pili wa mawe, giza tupu. Makoye akaanza kupiga kelele, hewa inaisha. Padri akamwambia, nyamaza wewe, vuta pole pole, nisikilize. Akaanza kuimba. Ubeti wa kwanza, wa pili, halafu wa tatu. Huo alikuwa anauimba anarudi nyuma, anabadilisha neno, anaanza tena. Makoye alidhani kasahau tu.

Alikuwa anatunga. Mungu wangu, alikuwa anatunga!

Wenzao wakamtoa Makoye kwa juu. Akakimbilia kwao na jeraha lake, kwa sababu shimo lile halikuwa na kibali. Kwa kina Padri hakujui, jina hajui. Mpaka juzi redio ikamletea ile sauti, akaituma ile meseji kama msikilizaji yeyote, akajua Padri alikuwa mtu wa redioni na wimbo wake ulikuwepo siku zote.

Nikamuuliza habari ya begi. Kasema alishukaga nalo shimoni, kambini wezi wengi.

Nilipomwambia ubeti wa tatu haujawahi kurekodiwa, aliliweka gunia chini. "Dada, mimi nilidhani wameukata."

Tulilia pale kwenye pamba za watu mpaka msimamizi akatuletea maji.

Ijumaa, 20 Juni

Butiama. Sijamwambia Mama. Sikuweza kwenye simu, na ana kwa ana imekuwa mbaya zaidi, kanipikia. Makoye kasema atakuja kesho aseme mwenyewe, maana yeye ndiye aliyekuwepo. Nimekubali haraka mno. Woga wangu huo.

Baba mdogo kaazima majembe kwa jirani, kaburi limechimbwa. Kaukata na mgomba bila kuuliza mtu. Umelala kwenye kivuli cha ghala la mtama, unatoa maji. Mama kakaa kaupa mgongo, anachambua maharage. Katekista kasema atasali, ila mgomba hataunyunyizia maji ya baraka. Sawa, kila mtu na lake.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nimesimama, chumbani kwa Mama. Nimetumwa koti – lile la kwanza kabisa, ambalo Isidori alilikataa kwa sababu nilikosea mkono mmoja. Ndilo la kuuvalisha mgomba.

Makoye kaja na shati la kuazima. Wazee walitaka asimame aeleze, Mama akamwita akae kwenye mkeka wake. Kamsimulia yote, taratibu, kichwa chini. Hata baba mdogo kavua kofia. Mama hakulia. Kamshika lile kovu kwa vidole, akamuuliza kitu kimoja.

"Ulimwona amekufa?"

"Hapana, mama. Nilimsikia amenyamaza. Katikati ya mstari."

Kuku wamepita kwenye mkeka, hakuna aliyewafukuza. Kisha Mama kasema, na sauti yake ilikuwa ile ya kututuma kisimani: "Basi uimbe wimbo wote. Ukifika aliponyamaza, nyamaza na wewe. Hapo ndipo mumteremshe." Akanigeukia. "Jeska, lete koti."

Mgomba uko ukingoni, na kamba ziko tayari. Koti ninalo. Mkono huu kweli niliukosea.

Makoye kaanza, hakungoja. Anaimba vibaya, sauti ya mtu wa kubeba magunia, na Clementi kamwekea gitaa chini chini. Ubeti wa kwanza watu wa mjini wanaufuata. Hata yule shangazi wa mapepo anaufuata.

Wananiita. Nyamazeni jamani, nakuja. Ubeti wa pili unaisha. Sasa wa tatu, wamemwachia peke yake, hakuna anayeujua